Nairobi mpaka Lokitaung na gunia la kabichi

Binamu yangu anafunza shule ya msingi Lokitaung, kule juu Turkana Kaskazini, ukiendelea mbele kidogo uko Ethiopia. Miaka yote akija likizo anatuambia mje muone, sisi tunasema aah tutakuja, alafu Januari inafika anarudi peke yake. Mwaka huu mimi na beshte yangu tukajipanga kweli. Ndege ya kutoka Wilson mpaka Lodwar iko, lakini tulikataa, tulitaka kuona nchi ikibadilika polepole kwa dirisha, tuanzie msitu wa Kakamega, juu beshte yangu ni mtu wa kufuata ndege wa msituni na darubini, alafu tushike barabara ya A1 tuipande mpaka itakapotuchosha. Nikamwandikia binamu WhatsApp, Mwalimu, tukuletee nini? Akajibu kabichi. Kabichi, karoti, vitunguu, viazi, na dania kama itafika. Hakuna marashi, hakuna chokoleti, ati dania.

JUMATATU, Nairobi – Kakamega

Hii siku sitaipotezea muda, ni basi tu. Tuliambiwa tuwe Machakos Country Bus saa moja asubuhi, gari ikatoka saa mbili na nusu baada ya konda kuimba "wawili twende" na ndani tuko sita. Foleni Waiyaki Way, baridi Limuru, Kimende akina mama wanainua ndoo za viazi na karoti mpaka usawa wa dirisha, Soko Mjinga kabichi zimerundikwa kando ya barabara mpaka hauoni wauzaji. Nikaziangalia tu zikipita, nani anabeba kabichi kutoka Nairobi kwenda Kitale. Naivasha, Elementaita na ule ukingo wake mweupe, Nakuru dakika za choo na smokie, Salgaa, panapojulikana kwa ajali, dere akapunguza bila kuambiwa, Kericho majani chai pande zote, alafu unateremka Ahero kwa mchele na joto.

Baada ya Kisumu unaanza kupanda Vihiga, na yale mawe makubwa ya Maragoli yamekaa juu ya nyumba za watu na mwenye nyumba anaanika nguo tu. Chavakali mvua ikatushika. Watu wa steji hawakukimbia, walisogea chini ya mabati wakaendelea na story pale pale walipoachia. Kakamega tuliingia giza, tukala ingokho na ugali, kuku wa kienyeji mwenye mfupa wa kupigana nao, tukalala.

JUMANNE, msituni

Nduthi mbili mpaka Isecheno, udongo mwekundu, pikipiki inateleza hivi na hivi na kijana anaendesha na mkono mmoja juu mwingine ameshika simu. Guide wetu alikuwa anangoja na gambuti na fimbo. Mzee wa Isukha, sauti ya chini, anatembea bila kuvunja kijiti.

Huu msitu si mkubwa sana sai, kama kilomita mraba 240, lakini ni kipande kilichobaki cha ule msitu wa mvua ambao zamani ulishikana kutoka Kongo mpaka huku. Ndio maana kuna ndege na nyoka ambao Kenya hautawapata mahali pengine, ndugu zao wako Uganda na Kongo. Guide alisema hivyo akiangalia chini, akatuambia nyoka wa hapa anaitwa kifutu, mnene, amelala kwa majani makavu na rangi ni ile ile ya majani, kwa hivyo kanyaga pale nimekanyaga mimi. Tangu hapo mimi sikuona msitu, niliona visigino vyake.

Beshte yangu alikuwa mbinguni. Ndege wamepita 300 aina zake huku na yeye alitaka mmoja tu, yule turako mkubwa wa bluu. Kabla ya saa tatu wakatokea watatu juu ya mti, wakubwa kuliko jogoo, shungi nyeusi kichwani, mdomo wa njano wenye ncha nyekundu, na hawaruki vizuri, wanakimbia kwa tawi alafu wanajitupa upande wa pili. Mbega nao walikuwa juu na yale makoti yao meupe na meusi, wakituangalia kwa dharau. Kuna mti mmoja guide alitusimamisha, mtini umeanza juu kwa mbegu iliyoachwa na ndege, ukateremsha mizizi ukazunguka mwenzake, mwenzake akafa akaoza, sai katikati ni tupu na mtoto anaweza kuingia akapanda kwa ndani mpaka juu. Nikaingiza kichwa. Kuna hewa baridi inatoka chini na harufu ya udongo mbichi, na sauti ya nje inapotea kabisa.

Mchana tukapanda kilima cha Lirhanda. Pale kuna shimo la dhahabu lililoachwa, la ile fujo ya miaka ya 1930 wazungu walipokuja Kakamega mbio baada ya kusikia kuna dhahabu. Sai wenye shimo ni popo. Juu ya kilima unaona msitu wote na mashamba yakiusukuma kutoka kila pembe, mahindi, miwa, chai, mahindi tena. Tukaanza kuteremka, mvua hiyo. Guide hakuvaa hata kofia.

Nikaangalia kwa simu nikiwa nimejibanza: Kakamega inapata karibu milimita 2000 za mvua kwa mwaka. Lodwar haifiki 250. Na zote mbili ziko kwa A1, basi inaweza kukutoa moja ikakutupa nyingine kabla siku mbili ziishe.

JUMATANO, Kakamega – Kitale – Kapenguria

Tulinunua mukombero kwa kijana wa steji, ile mizizi ya kutafuna, inaanza chungu inaisha tamu na watu wote kwa matatu wanakuangalia wakicheka juu ya sababu zao. Malava barabara inapita katikati ya msitu, giza la dakika chache, nyani wamekaa kwa lami wanangoja ndizi, na huo ndio ulikuwa msitu wa mwisho wa aina hiyo. Webuye, mto Nzoia umejaa na rangi ni ya chai ya maziwa. Kiminini. Mahindi, mahindi, mahindi.

Kitale sokoni ndio tulikuwa na kazi. Mama mboga aliponiuliza ni ya kupeleka wapi nikamwambia Lokitaung, akaacha kupima akaniangalia vizuri.

"Kijana wangu, na gari gani?"

"Yoyote itakayopatikana, Mama."

Akazimwaga zote alizokuwa amenichagulia akaanza upya. Alizipiga moja moja na kidole, akaweka kando zile laini. Akasema kabichi usizivue haya majani ya nje, hayo ndiyo koti yao, yakikauka unayatoa moja moja njiani. Zikae kwa gunia la nyavu zipumue, ukifunga kwa nailoni utapeleka supu. Karoti usioshe. Vitunguu weka mbali na viazi. Dania akaifunga kwa gazeti lililolowa, alafu kwa mfuko wa karatasi, akanipa kwa mkono kama mtu anayepeana mtoto, "hii usiiweke juu ya gari, shika." Kabichi ilikuwa 30 moja. Nikaandika bei kwa simu, nilitaka kuona itapanda aje tukielekea kaskazini.

Kapenguria ni karibu, matatu inakuacha Makutano, na pale ni juu, zaidi ya mita 2,000, jioni unatafuta sweta. Tulikuwa na muda wa kuingia makumbusho. Hapa ndipo walikoletwa Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko baada ya kukamatwa usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952. Kesi ya kudaiwa kuongoza Mau Mau ilianza Desemba kwa darasa la shule, ikaisha Aprili 1953 na miaka saba ya kazi ngumu. Seli bado ziko, milango mizito, chumba unanyoosha mikono karibu uguse pande zote mbili. Shuleni tulifunzwa majina tukayaimba kwa mtihani, hakuna aliyetuambia Kapenguria ni wapi. Serikali ya mkoloni ilichagua hapa, juu Nairobi kulikuwa na watu wengi wa kuwashangilia, ikataka pahali ambapo wakili na mwandishi wa habari wasumbuke kufika. Alafu baada ya hukumu ikaona ata hapa si mbali ya kutosha, ikawapeleka Lokitaung. Kule kule tunakopeleka kabichi.

ALHAMISI, Kapenguria – Lodwar

Gari ya Lodwar ilitupata Makutano saa mbili, imetoka Kitale imejaa. Juu ya keria kulikuwa na kreti za nyanya, trei za mayai zimefungwa kwa kamba, mikate, godoro moja, na gunia letu likaenda katikati ya godoro na nyanya. Dania nikashika mkononi.

Kamatira ndio unajua umetoka kwa nchi ya kawaida. Barabara inajirusha chini kona baada ya kona, bonde liko pale chini linangoja, na dere ambaye alikuwa ameongea siasa tangu Makutano akanyamaza kimya. Chini ya hapo ni Chepareria, alafu Ortum, milima ya Cherangani upande mmoja na Mtelo upande mwingine. Bado unaona makovu kwa milima pale ardhi iliporomoka Novemba 2019, usiku, watu zaidi ya 50 wakafa Pokot Magharibi na madaraja ya hii barabara yakaenda na maji. Mtu wa mbele yangu alinyoosha kidole mahali, akataja jina la kijiji, akarudisha mkono. Hakuna aliyeongeza neno.

Marich milima inasogeleana mpaka inabaki nafasi ya mto na barabara tu. Ukitoka upande wa pili, wueh. Ni kama mlango wa jikoni umefunguliwa. Sweta ya Kapenguria ikatoka, shati likafunguliwa, madirisha yote chini na upepo unaoingia ni moto. Miti ikafupika ikawa na miiba, nyasi zikawa za njano, alafu zikaachana, alafu zikaisha ikabaki mchanga na mawe. Askari wawili wenye bunduki wakapanda, wakakaa kwa mlango, juu kipande cha kuelekea Kainuk kimekuwa na shida ya wezi wa mifugo miaka mingi, magari yanapigwa risasi. Matatu yote ikawa kimya ya ghafla, watu wanaangalia vichaka. Kando ya barabara mtoto wa miaka kama kumi anachunga mbuzi peke yake, hana askari yeye.

Kainuk tukavuka daraja, askari wakashuka, redio ikarudi. Upande wa magharibi ndio kuna lile bwawa la umeme la Turkwel, megawati 106, na waya zake zinapita juu ya manyatta ambazo usiku zinawasha kuni. Nimeona hiyo kitu mahali pengi Kenya lakini hapa waya ziko chini kabisa, unaziona vizuri.

Kutoka hapo ni tambarare. Vichuguu vya mchwa virefu kuliko mtu, vimesimama kama mabomba ya moshi. Ngamia wanakula miiba bila haraka. Dikdik wawili wawili. Wamama wa Turkana wamesimama na magunia ya makaa, shanga shingoni mpaka kidevu. Lokichar tukasimama kwa chai na mandazi, na huyu mji ulijaa magari ya kampuni baada ya mafuta kupatikana kwa kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012, kila mtu alikuwa anajenga gesti. Gesti nyingi bado ziko, rangi imepauka. Mama aliyekuwa nyuma yangu aliniuliza, "Huko Kenya mvua imenyesha?" Kenya kwake ni huko kusini tulikotoka. Nikamwambia imenyesha sana, Mama, Kakamega ilitunyeshea kila siku. Akauliza kama inaweza kuja huku. Nikakosa la kusema, nikampa mukombero.

Lodwar saa kumi na moja jioni. Kutoka Kapenguria umeteremka kama mita 1,600 kwa siku moja na mwili unajua. Gunia likashuka, majani ya nje ya kabichi yamekuwa ya njano na yameanza kulegea, ndani ziko ngumu. Nikauliza bei sokoni: kabichi ndogo kuliko zetu, 100. Zimetoka Kitale hiyo asubuhi, labda kwa gari iliyotupita Ortum.

IJUMAA, Lodwar – Kalokol

Usiku hakuna aliyelala ndani. Mwenye lojing alitutolea magodoro nje bila kuulizwa, neti ikafungwa kwa mti wa mathenge, na gunia akaliweka chini ya tangi la maji, akarusha maji kidogo juu. Akasema kila mgeni wa kaskazini anabeba mboga. Mwaka jana mmoja alileta miche ya sukuma kwa ndoo na udongo wake.

Lodwar ni mji wenye kelele zake, nduthi, tuktuk, magari ya mashirika, vijana wenye nguo safi kuliko zangu, na juu ya kilima Yesu amenyoosha mikono kama yule wa Rio. Kenyatta pia aliletwa hapa 1959 baada ya kutoka Lokitaung, kabla ya kupelekwa Maralal. Tulizunguka kidogo asubuhi, jua likatushinda, tukakaa kwa kibanda cha soda mpaka saa tisa.

Barabara ya Kalokol ni lami. Njiani dere wa Probox akasimama Namoratunga, nguzo za mawe meusi 19, zingine zimeinama, karibu na barabara hapo hapo. Watu wa hapa wanasema walikuwa watu wakicheza ngoma, wakageuka mawe. Mwaka 1978 watafiti wakaandika kwamba zilipangwa kufuata nyota, wengine wakaja kupinga, na kazi ya karibuni inaziweka kwa wafugaji wa kwanza wa sehemu hii, miaka kama 5000 iliyopita. Juu ya kila nguzo kuna vijiwe vidogo vilivyowekwa na wapita njia. Dere akaweka chake bila kusema kitu, mimi nikaweka changu, beshte yangu akauliza ni ya nini na dere akamwambia weka tu.

Kalokol: upepo, mikoma, harufu ya samaki, na kiwanda cha samaki ambacho Wanorwe walijenga miaka ya 1980 ili Waturkana wawe wavuvi. Ziwa likarudi nyuma, Ghuba ya Ferguson ikakauka, na mashine za kugandisha samaki zilitaka umeme mwingi kuliko uliokuwepo. Jengo liko. Tulikula tilapia ya kukaanga na ugali, kubwa, 200, na kachumbari haikuwepo. Hakukuwa na nyanya.

JUMAMOSI, Kalokol – Lokitaung

Kutoka hapa lami kwaheri. Tulipata Land Cruiser ya mizigo inayoenda Lowarengak kuchukua samaki mkavu, ikibeba unga, mafuta ya kupika, madumu ya dizeli, na juu ya hayo yote binadamu. Mbele kulikuwa na mama mjamzito na mwalimu mkuu, sisi tukapanda juu. Nauli unalipa kabla, na ukiuliza tutafika saa ngapi dere anaangalia mawingu.

Tulikuwa kama kumi na tano juu. Mzee mmoja alikuwa na ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mbao cha kukalia na cha kulalia kichwa, na ndiye pekee aliyekaa vizuri safari yote, sisi wengine tunabadilisha tako kila dakika mbili. Ejok, nikamsalimia. Ejok noi, akajibu, alafu akaongea Kiturkana kirefu na watu wote wakacheka. Kijana akanitafsiria, mzee anauliza hayo majani umeyakumbatia ni dawa?

Baada ya Kataboi ziwa linatokea kulia na ni kijani kweli, ile kijani ya chupa, na pande zake hakuna kitu, mawe meusi mpaka kwa maji. Ziwa kubwa kuliko yote duniani lililo jangwani, na maji yake karibu yote yanatoka mto Omo, Ethiopia, yaani ata huu utajiri wa hapa ni mvua ya mahali pengine. Mpaka 1975 liliitwa Rudolf, jina la mwana wa mfalme wa Austria ambaye hakuwahi kufika.

Laga, yaani mto mkavu wa mchanga, ya tatu ama ya nne ndio ilitushika. Mchanga mlaini, gurudumu la nyuma likajichimbia mpaka ekseli. Wote chini. Hapa niliona kazi inavyofanywa na watu wanaoijua: hakuna aliyepiga kelele. Wawili wakaanza kuchimba na sufuria, wengine wakaenda kukata makuti ya mikoma, wamama wakashusha unga gunia moja moja wakapanga kwa kivuli, turnboi akatoa hewa kwa matairi yote manne mpaka yakalala kabisa, makuti yakasukumwa chini ya gurudumu kwa urefu, mistari miwili, yamepishana. Mara ya kwanza injini ililia tu. Wakatoa makuti yaliyosagika wakaweka mapya. Mara ya pili gari ikatambaa ikatoka, na turnboi akaanza kujaza hewa na pampu ya mguu, tairi baada ya tairi, jua la saa saba, bila kofia.

Tuliporudi juu nikakuta dania imeisha. Kulikuwa na mbuzi amefungwa miguu kando ya nafasi yangu, na mfuko nilikuwa nimeuweka pale nikienda kusukuma. Amekula dania, amekula gazeti, amekula mfuko wa karatasi, ananiangalia. Ule mzee wa ekicholong alicheka mpaka akashika mbavu, akasema kwa Kiswahili safi ambacho alikuwa amenificha tangu asubuhi, "Huyo sai ni mbuzi wa Nairobi."

Nariokotome dere alionyesha na mdomo tu, kule ndani ndiko walitoa yule kijana. Yule Kijana wa Turkana, mifupa aliyoiona Kamoya Kimeu mwaka 1984, mtoto aliyekufa miaka kama milioni moja na nusu iliyopita, karibu mwili mzima. Hakuna kibao kikubwa unachoona ukipita, ni vichaka na mawe kama ya kilomita zote zilizopita. Kimeu hakusoma chuo kikuu, alianza kwa kuchimba, na macho yake yaliona kipande kidogo cha fuvu kwa changarawe ya rangi ile ile. Nikajaribu kuangalia chini nione kama ningeweza. Kwa gari linalorukaruka sikuona ata viatu vyangu.

Lowarengak wengine wakashuka, na kwa bei kidogo juu dere akakubali kutupandisha Lokitaung. Unaingia kwa korongo, kuta za mawe pande zote mbili, na barabara ndiyo mto wenyewe, unaendesha juu ya kitanda chake. Mvua ikinyesha milimani hii njia inafungwa na mji unabaki kungoja. Tulifika jioni, vumbi mpaka kwa meno. Binamu alikuwa amesimama nje ya geti ya shule na watoto kama ishirini. Akanikumbatia, akaangalia gunia, akanusa.

"Dania iko wapi?"

"Mwalimu, keti kwanza."

JUMAPILI, Lokitaung

Kabichi kumi na mbili zilitoka Kitale, kumi zilifika zikiwa nzima, mbili tukazimenya mpaka zikawa ngumi. Dukani hapa zikipatikana ni 200, na mara nyingi hazipatikani. Nilifikiri binamu angezificha. Asubuhi kabla ya kanisa alikuwa ameshagawa: moja kwa nesi wa zahanati, moja kwa askari aliyemsaidia na maji wakati wa kiangazi, moja kwa mwalimu mwenzake mwenye mtoto mdogo, saba kwa mama anayewapikia wanafunzi, na karoti zote kwa watoto wa jirani ambao walizila mbichi wakikimbia. Nikamwambia utabaki na nini. Akaniambia wewe ukiondoka, wakitumiwa wao nami nitakula, hii town inaishi hivyo.

Mchana akatupeleka kuona jela. Jengo ni dogo, mlima nyuma, mawe kila mahali, na ukisimama pale unaona mbali sana na hakuna pa kukimbilia. Oneko alishinda rufaa ingawa walimzuia tu pengine, kwa hivyo wa ile kesi waliokaa huku ni watano. Wenzake walipewa kazi ngumu, na Kenyatta kwa ajili ya umri akawekwa jikoni kuwapikia. Waruhiu Itote, yule Jenerali China wa Mau Mau, pia aliletwa huku, na Kenyatta ndiye alimfunza Kiingereza. Mimi mawazo yangu yalibaki jikoni. Miaka sita ya kupika hapa, mtu wa Kiambu, aliyezoea mvua mbili kwa mwaka na shamba nyuma ya nyumba. Beshte yangu alikuwa anatafuta ndege, akapata kunguru.

Jioni tulipika kabichi mbili zilizobaki na viazi na kitunguu, kwa jiko la makaa nje, walimu wakaja kila mtu na sahani yake. Mmoja anatoka Busia, hajaenda nyumbani tangu Agosti juu nauli ya kwenda na kurudi ni kama robo ya mshahara. Wakauliza bei ya kila kitu Nairobi, unga, sukari, rent ya Umoja, wakishangaa kwa sauti. Alafu binamu akatoa karatasi na kalamu, akaanza kuandika list ya yule atakayekuja Aprili, na kila mwalimu akaongeza kitu: mbegu za managu, neti ya kufunika kitalu, betri za tochi, dania, safari hii imebebwa na mtu asiyeshuka kusukuma gari.

Land Cruiser ya kurudi inatoka saa kumi alfajiri na samaki. Mwalimu mkuu ameshachukua mbele.